Safari ya kwanza ya meli: Yanayompasa abiria kujua, kutoka Karibi hadi Ghuba ya Karungu

KWA wakazi wengi wa Macalder, mji wa wachimbaji dhahabu katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, safari ya meli ya starehe ni jambo la kutazamwa kwenye runinga: jengo refu jeupe linaloelea juu ya maji ya samawati ya Karibi, lenye mabwawa ya kuogelea kwenye sitaha na wapishi wanaoandaa chakula usiku na mchana. Ni wachache wanaokumbuka kwamba barabara inayoteremka kutoka Macalder kuelekea Sori inafika kwenye ghuba ambayo nayo iliwahi kutembelewa na meli. Wachache zaidi wanajua kwamba Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, liliwahi kuwa na safari yake yenyewe ya kuzunguka bandari kwa bandari, abiria wakila na kulala ndani ya chombo.

Safari ya Karibi na ile ya ziwani hazilingani kwa anasa wala kwa gharama. Hata hivyo, maswali ya abiria anayepanda meli kwa mara ya kwanza ni yale yale popote alipo. Atalala wapi? Je, atatapika? Chombo hiki ni salama? Na iwapo jambo litatokea, nani atajua kwamba naye alikuwa ndani? Swali hilo la mwisho ndilo ambalo Afrika Mashariki imelijibu kwa gharama kubwa ya uhai wa watu.

Meli zilizokuja kwa vipande

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita 68,800 za mraba na liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hakuna meli inayoweza kulifikia ikitokea baharini. Kwa sababu hiyo, meli zake kubwa za mwanzo ziliundwa ng'ambo, zikafunguliwa, zikasafirishwa kwa vipande hadi Mombasa, kisha zikaunganishwa upya ufuoni mwa ziwa.

Ya kwanza katika mlolongo huo ilikuwa William Mackinnon, iliyoundwa Scotland. Vipande vyake viliwasili Mombasa katika miaka ya 1890, wakati ambapo Reli ya Uganda ilikuwa bado mbali na ziwa. Iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, mwaka mmoja kabla ya reli yenyewe kufika huko Desemba 1901. Zilifuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza mwaka 1907, na Usoga na Rusinga kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli hizo zilibeba pamba, ngozi, barua na abiria, na kwa miaka mingi zilikuwa kiungo kati ya reli iliyoishia Kisumu na nchi ya Uganda iliyokuwa ng'ambo ya maji.

Ghuba ya Karungu, iliyo jirani na Macalder, imo katika historia hiyo. Septemba 1914, wiki chache baada ya vita kuzuka, majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka kutoka koloni lao la kusini, yakaingia Kisii na Karungu. Winifred ilipokwenda Karungu kuteremsha wanajeshi wa Uingereza, ilikutana na boti ya Wajerumani yenye mizinga, Muansa, ikalazimika kugeuza omo. Ilirudi baadaye ikifuatana na chombo kingine, Kavirondo, na safari hiyo ni Muansa iliyoondoka.

Siku mbili na nusu kulizunguka ziwa

Enzi iliyokaribiana zaidi na safari za starehe ilianza mwaka 1961, meli ya Victoria ilipoanza kazi. Iliundwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikaunganishwa Kisumu. Kabla yake, safari ya kulizunguka ziwa ilichukua takriban siku 5. Victoria ilipunguza muda huo hadi siku 2 na nusu. Abiria aliyeanzia Kisumu angeweza kuziona bandari za Uganda, Bukoba, Mwanza na Musoma, kisha akarejea alikoanzia bila kupanda gari hata mara moja.

Safari hiyo ya mzunguko haikudumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya shirika la reli na bandari iligawanywa miongoni mwa nchi 3, na Victoria ikawa ya Tanzania. Kenya ilibaki na Uhuru, meli ya kubebea mabehewa ya treni. Baada ya kukaa bila kazi kwa miaka mingi, Uhuru ilirejeshwa majini Desemba 2019, lakini kazi yake ni mizigo, si abiria.

Jinsi Karibi inavyompokea mgeni

Kwa sasa, Karibi ndilo eneo linalotembelewa zaidi na meli za starehe duniani. Meli nyingi huanzia bandari za jimbo la Florida, hasa Miami, zikapita Bahamas, Jamaika, Mexico au visiwa vidogo vya mashariki, kisha zikarudi zilikoanzia baada ya siku chache au wiki moja. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba hadi abiria 7,600, mbali na wafanyakazi. Idadi hiyo ni zaidi ya mara 6 ya abiria wa meli kubwa kabisa ya abiria katika Ziwa Victoria.

Nauli hujumuisha chumba, chakula cha kawaida na burudani. Vinywaji vya kulevya, intaneti, matembezi ya nchi kavu na bahashishi kwa wahudumu mara nyingi huongezwa kando, na mgeni asiyejua hushangazwa na hesabu siku ya kushuka. Chumba cha bei nafuu huwa ndani kabisa ya meli bila dirisha, ilhali cha bei ya juu huwa na roshani inayotazama bahari. Kwa Mkenya anayeanzia Miami, viza ya Marekani ni lazima. Aidha, inampasa ahakikishe kwamba viza hiyo inamruhusu kuingia nchini humo zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli hutoka Marekani na kurudi huko huko.

Lakini kabla ya bwawa na muziki, kuna mambo mawili ambayo kila abiria hupitia. La kwanza ni kuandikishwa. Jina lake, pasipoti yake na picha yake huingizwa katika kompyuta, naye hupewa kadi inayosomwa na mtambo kila anapotoka na kuingia. Nahodha anaweza kujua wakati wowote ni watu wangapi wamo na ni nani hajarudi kutoka bandarini. La pili ni zoezi la dharura, ambapo kila abiria huonyeshwa mahali pake pa kukusanyikia, jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, na mlio wa king'ora anaopaswa kuutii.

Utaratibu huo haukuzaliwa kwa hisani ya wenye meli. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini kwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu wapatao 4,200. 32 kati yao walikufa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda saa chache tu kabla ya ajali walikuwa hawajafanyishwa zoezi la dharura, kwa sababu lilipangwa kufanyika siku iliyofuata. Tangu mwaka 2015, kanuni za mkataba huo zinataka zoezi hilo lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kanuni hizo pia zinataka watu wote waliomo wahesabiwe kabla ya safari.

Mkazi wa Nyatike apande wapi?

Kwa mtu wa Macalder, maji yaliyo karibu ni Sori katika Ghuba ya Karungu, na Muhuru kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko hakuna meli ya abiria yenye vyumba. Vilivyopo ni mashua za mbao aina ya sesse na boti za injini, zinazobeba wavuvi, wafanyabiashara wa samaki na wasafiri wa visiwani, pamoja na wanaokwenda Migingo, kisiwa kidogo cha mawe kilichozua mvutano kati ya Kenya na Uganda mwaka 2009. Mara nyingi abiria hupanda bila tiketi, na jina lake haliandikwi popote.

Kaskazini, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna feri inayovuka kati ya Mbita na Luanda Kotieno, upande wa Siaya. Hubeba magari na abiria, na safari yake huchukua takriban saa moja. Kwa anayetaka kuijaribu tumbo na miguu yake juu ya maji, hiyo ni shule nzuri ya kuanzia: safari ni fupi, chombo ni cha chuma, na nchi kavu huonekana njia nzima.

Anayetaka meli ya kulala hana budi kuvuka mpaka wa Isebania na kwenda Mwanza. Ile Victoria ya mwaka 1961 ingali kazini. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikarejea mwaka 2020 kwa jina la New Victoria, na uwezo wake ni abiria 1,200. Husafiri kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Meli mpya zaidi, Mwanza, yenye uwezo kama huo wa abiria, iliteremshwa majini Februari 2023.

Tiketi za meli hizo zimegawanywa kwa madaraja. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vichache. Daraja la pili hugawanyika katika kulala na kukaa. La tatu ni viti kwenye ukumbi wa pamoja, ambako wachuuzi, akina mama wenye watoto na wanafunzi hukaa na mizigo yao karibu na miguu. Anayesafiri usiku katika daraja hilo hufanya vyema kubeba shuka au sweta, kwani upepo wa ziwa baada ya saa sita za usiku ni baridi hata kwa mtu aliyelelewa ufuoni.

Upepo, mawimbi na tumbo

Wengi hudhani kuwa ziwa, kwa kuwa si bahari, ni maji matulivu. Mawimbi ya ziwani ni mafupi na hufuatana kwa haraka, kwa hiyo chombo kidogo hutikiswa zaidi kuliko kinavyotikiswa na wimbi refu la bahari. Hali ya hewa ya ziwa nayo ina desturi yake. Mchana, nchi kavu inapopata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu ya mvua hujijenga juu ya miinuko. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya maji, na ngurumo kali huzuka huko kabla ya alfajiri. Ndiyo maana wavuvi wa usiku ndio wanaonaswa zaidi na dhoruba. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba takriban watu 1,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, wengi wao wakiwa wavuvi na abiria wa vyombo vidogo. Idara za hali ya hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya ziwani. Ni busara kuusikiliza kabla ya kwenda ufuoni.

Kuhusu kichefuchefu, hakuna aibu yoyote: hata mabaharia hukipata. Hutokea kwa sababu sikio la ndani huhisi mwendo ambao macho hayauoni. Dawa ya kwanza ni kukaa katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na kutazama mahali mbali panapokutana maji na mbingu. Chakula chepesi ni bora kuliko tumbo tupu au lililoshiba mno. Vidonge vya kuzuia kutapika hufanya kazi vikimezwa kabla ya safari, si baada ya tumbo kuchafuka, na vingi huleta usingizi.

Mikasa mitatu, kosa moja

Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka mita chache kutoka ufuoni, na watu 272 wakafa. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 300, lakini inakadiriwa ilikuwa na 400.

Miaka miwili baadaye, Mei 21, 1996, meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya majina ya daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Chombo kilipinduka kikaelea kwa muda, huku waliokuwa ndani wakisikika wakigonga chuma. Tumbo lake lilipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa imekishikilia ikatoka, nacho kikazama. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000, na idadi kamili haitajulikana kamwe. Familia nyingi zilibaki bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba mtu wao alikuwa melini.

Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha Nyerere kilikuwa kikitoka huko kwenda kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini. Watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Mmoja wao alipatikana hai siku mbili baadaye katika sehemu iliyokuwa imebaki na hewa. Yaani chombo cha watu 101 kilikuwa kimebeba angalau 269.

Mikasa hiyo ilitokea katika maji tofauti na vyombo tofauti, lakini ina kosa moja: hakuna aliyehesabu, au aliyehesabu hakusema inatosha. Chombo kilichojaa kupita kiasi huzama zaidi majini, na uzito wa watu waliosimama juu huwa mwingi kuliko wa walio chini. Watu hao wakisogea upande mmoja kwa pamoja, kama wanavyofanya abiria wanaoharakisha kushuka, chombo hulala na hakiinuki.

Sheria na jicho la abiria

Sheria zimeimarishwa tangu wakati huo. Kenya iliunda Mamlaka ya Usafiri wa Majini mwaka 2004 na kupitisha sheria ya usafirishaji wa meli mwaka 2009. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha sheria ya usafiri katika Ziwa Victoria mwaka 2007, ili nchi zote 3 zifuate kanuni moja. Walinzi wa pwani wa Kenya, ambao kazi yao inahusu maziwa pia, walianzishwa mwaka 2018.

Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwa katika kila ufuo alfajiri mashua zinapong'oa nanga. Wahenga wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Abiria wa mara ya kwanza huwa na tabia ya kuwafuata wazoefu: wakipanda, hupanda, wasipovaa jaketi, naye huona haya kuvaa. Yapo mambo machache ambayo anaweza kuyaangalia mwenyewe, bila kuwa baharia.

La kwanza ni kibao cha uwezo wa chombo, ambacho hupaswa kuonekana. Idadi ya waliomo ikiwa imezidi, ni heri kungoja safari inayofuata. La pili ni jaketi: liwepo moja kwa kila mtu, likiwemo la mtoto, na liwe limevaliwa na kufungwa kabla ya boti kuondoka, kwani jaketi lililorundikwa chini ya magunia halimwokoi mtu. La tatu ni mizigo, ambayo inapaswa kuwa chini na katikati, si juu ya paa wala upande mmoja. La nne ni njia ya kutokea. Anayelala chumbani na aitafute mchana, aipite kwa miguu yake, ili aweze kuifuata gizani. La tano ni kubaki mahali pake chombo kinapotia nanga hadi aambiwe ashuke.

La sita ni jina. Katika meli kubwa, tiketi na ibebe jina halisi la msafiri, wala asikubali kununua ya mtu mwingine kwa walanguzi wa bandarini, kwa kuwa jina litakaloitwa siku ya dhiki litakuwa la yule mwingine. Katika boti za Sori na Muhuru, ambako orodha ni nadra, abiria anaweza kumwambia nahodha au karani wa ufuo amwandike. Hilo likishindikana, na ampigie simu mtu wa nyumbani kabla ya kuondoka, amtajie jina la boti, saa ya kuondoka, ufuo anaokwenda na idadi ya watu aliowaona ndani.

Simu hiyo huchukua dakika moja. Waokoaji wakijua ni boti gani imechelewa, imetoka wapi na ina watu wangapi, huanza kutafuta mapema, na hawaachi kutafuta kabla hawajampata wa mwisho.